Tiki Nilizoweka kwenye Kadi ya Mwanangu

Nina miaka thelathini na mitatu, mkulima wa maharage hapa Rungwe Mpya, Kasulu. Nimechoka, wasomaji wenzangu... Nimechoka kupewa pole kwa jambo nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwaka 2013 binti yangu Yusta, wa miaka saba, alivimba juu ya jicho la kushoto. Hakuumia sana, ila jicho lilisukumwa nje kidogo kidogo. Mama mkwe alisema ni kijicho cha majirani, akamchanja uvimbe kwa wembe. Kidonda kikatoa usaha miezi miwili, hakifungi!

Nikampeleka hospitali. Daktari alivuta usaha kwa sindano, ukapimwa. Kumbe ni kifua kikuu, kimeshika mfupa unaozunguka jicho! Nilibisha: mtoto hakohoi, kifua kikuu kinatoka wapi? Akanieleza kwa upole kwamba kinashika popote, na kinapona dawa zikimezwa kila siku. Nikapewa kadi: kila akimeza, niweke tiki. Nilionywa kuwa mkojo utabadilika rangi, uwe mwekundu.

Machozi hakuna aliyeyataja.

Uvimbe ulishaanza kupungua. Siku moja Yusta akalia, nikamfuta kwa kitambaa cheupe... kikabaki na doa la rangi ya kutu. Mama mkwe akaliona.

"Mwanangu, hiyo dawa inamtoa damu ya jicho. Iache."

Kwetu mkwe habishiwi. Lakini nisimsingizie bibi wa watu, hata mimi niliogopa. Kila mwezi nilichukua vidonge, nikavificha kwenye gunia la maharage bila kumpa. Na kwa kumwogopa daktari, niliendelea kuweka tiki. Kila asubuhi!

Uvimbe ulirudi kwa hasira. Daktari aliitazama kadi iliyojaa, akadhani dawa zimeshindwa, akatuandikia rufaa ya hospitali ya mbali. Nilipokuja kukiri kwa daktari, jicho lilishakufa. Akaniambia rangi ile ni ya dawa yenyewe, wala haina madhara. Yusta alianza upya vidonge vile vile, akapona... na jicho moja.

Mwaka huu, 2015, ameshajua kusoma. Aliikuta kadi sandukuni, akawa anazifuata tiki kwa kidole.

"Mama, hizi zote nilimeza?"

Nikamjibu hapana. Akairudisha kadi, akachukua ndoo, akaenda kuteka maji.

Mzazi mwenzangu, ukiona usichokielewa, rudi ukaulize. Wakikugombeza, wakugombeze! Mimi nilikwepa kugombezwa, na sasa mwanangu akitaka kuniona nikiwa kushotoni kwake, inabidi ageuze kichwa kizima.