Matuta Mbele ya Kota

Soko la Iringa lilikuwa limefurika Jumamosi ile ya mwaka 1954. Asukile, fundi seremala wa serikali, alikuwa akirudi kinyumenyume na mbao begani alipokanyaga kikapu cha mtu.

"We kaka! Miche yangu!"

Mwanamke mrefu aliyevaa gauni la bluu lililopauka alikuwa amechuchumaa, akiokota miche ya kabichi.

"Nisamehe, dada. Sikuona."

"Macho umeyaweka begani?"

Asukile akacheka, mara ya kwanza wiki ile, akainama kumsaidia. Aliitwa Apolonia, wa Kilolo. Jumamosi ya nne Asukile alikuwa akimwita mpenzi. Mwaka haukuisha wakafunga ndoa.

Kisha Asukile akahamishiwa Mbeya, wakapewa kota, nyumba ya serikali. Nyuma palikuwa na choo na mawe matupu. Mbele palikuwa na kiwanja kidogo cha udongo mweusi. Mwezi wa sita, katika baridi kali, mimba ya Apolonia ilitoka. "Usimpe mawazo," muuguzi alimwonya Asukile. Apolonia alilala siku nyingi akitazama ukuta, hata asubuhi moja akaomba jembe. Akachimba matuta pale mbele, akaweka samadi, akapanda figiri, karoti na njegere, akawa anabeba maji kutoka bombani ndoo kwa ndoo.

"Umechoka, mume wangu?" aliuliza kila jioni.

"Nimechoka. Na wewe?"

"Mie ndiyo usiseme. Njoo uone njegere zilivyotoa maua."

Walisimama hapo kimya, bega kwa bega. Ilikuwa furaha yao yote.

Desemba, Philbert, msimamizi wa kota, alimwita Asukile. Mbele ya nyumba panatakiwa majani na maua tu. Mboga zing'olewe kabla ya Jumatatu, au ahame.

"Utuwie radhi, mzee," Asukile alisema, akitafuta huruma. "Mke wangu mtu wa shamba, hajui mambo ya mjini."

Kwa siku mbili alishindwa kumwambia mkewe. Jumapili, Apolonia alipokuwa misani, aling'oa yote kwa mikono yake.

Apolonia alirudi, akasimama na rozari mkononi. "Kwa nini?"

"Basi tu. Tutazungumza."

Hawakuzungumza. Kesho yake Damari, jirani yao, alimweleza Apolonia maneno aliyoyasikia kwa msimamizi. Asukile aliporudi kazini alikuta sufuria zimeoshwa na sanduku la mkewe halipo.

Ilimchukua wiki mbili kupata ruhusa. Alipanda basi hadi Iringa, akapata lori la kwenda Kilolo, akamalizia kwa miguu. Alimkuta Apolonia akipalilia mahindi ya mama yake, amekonda.

"Kamwene," Asukile alimsalimu kwa Kihehe.

Apolonia hakuinua kichwa. "Ulisema mimi wa shamba?"

"Nilisema."

"Unanionea aibu."

"Sikuonei aibu. Niliogopa kunyang'anywa nyumba. Na kukwambia niliogopa pia. Uling'ang'ania ile bustani kama... nikajua nikitamka tu, utarudi kulala ukiutazama ukuta."

Jembe likasimama. "Mwanangu alikufa, Asukile, hukusema neno. Bustani imekufa, hukusema neno. Unanichosha kwa huo ukimya wako."

"Nilikuwa namlilia kazini," Asukile akasema taratibu. "Nyuma ya mbao. Wenzangu walidhani ni vumbi."

Apolonia akamtazama kwa mara ya kwanza: macho mekundu, koti limejaa matope, viatu vimepasuka.

"Kota nimeirudisha," Asukile akaendelea. "Nimepanga chumba Mbalizi. Mwenye nyumba, Mzee Sedekia, anasema mbele pale tulime tupendavyo. Kazini ni mbali, nitatembea. Ukikataa, sitakulaumu."

 Apolonia akamwonyesha jembe la pili lililolala mpakani mwa shamba. "Mahindi ya mama hayawezi kuachwa hivi. Tumalize kwanza."

Walipalilia siku tatu, wakiongea kidogo. Siku ya nne walipanda basi la kwenda Mbeya. Basi lilipoiacha Iringa Apolonia akaanza kusema: jinsi mtoto alivyokuwa akicheza tumboni, jina alilokuwa amempangia, siku zile za kutazama ukuta. Asukile, aliyekuwa hajalala vizuri tangu mkewe aondoke, alimshika mkono akasikiliza. Walifika Makambako, nusu ya njia, bado anasema, na mumewe hakuwa amesinzia hata mara moja.