Bakuli la Mlango wa Nyuma

Mimi nina dharau, nisikufiche. Nilizaliwa nayo Bukoba, nikavuka nayo bahari. Ndiyo maana jioni ile, nikienda kutoa takataka, niliokota lile bakuli la wali sakafuni nikalitumbukiza kwenye mfuko bila kumuuliza mtu.

Nilikuwa namhudumia Mzee Liang, Mchina wa miaka themanini na ushee, nikilala huko huko nyumbani kwake, mtaa wa Riverside mjini Buffalo, karibu na mto. Sebuleni alikuwa na meza ya wazee wake waliokufa: picha, ubani, machungwa. Lakini bakuli moja aliliweka jikoni, sakafuni, nyuma ya mlango wa uani. "Leokadia, usiguse," aliniambia siku ya kwanza. Wali sakafuni! Nisugue nyumba halafu nifuge panya?

Ilikuwa Januari. Saa kumi na moja tu, giza limeshaingia. Simu ikatetemeka mfukoni. Gift, binti yangu, mara ya tatu siku hiyo.

Sikupokea.

Ana mimba ya miezi minane, mume hana, amepanga chumba peke yake mji wa Columbus, safari ya usiku kucha kwa basi. Baba yake, Kizito, amebaki nyumbani kwetu, mtaa wa Beechmont kule Louisville, amekaa kama hakimu. "Mimi sina binti," alisema. "Na wewe ukipokea simu yake, usirudi kwangu." Kanisani tulisema Gift yuko masomoni.

Nikatupa mfuko kwenye pipa, nikaingia ndani, nikafunga mlango. Harufu ndiyo ilitangulia. Matope... maji ya mto yaliyolala.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mlango wa nyuma. Chini kabisa, kama anayegonga ameketi kwenye theluji.

Mzee Liang akaja anaburuta miguu. Akatazama sakafu.

"Bakuli liko wapi?"

"Nimelitupa."

Akashika ukuta. Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza akaninong'oneza yote. Alikuwa na binti, Suling. Akapata mimba hajaolewa. Siku ya theluji akamfungia nje, mlango huu huu. Binti akagonga mpaka akachoka, akaenda mtoni.

"Kwetu, binti asiyeolewa hawekwi mezani na wazee," alisema. "Anakula mlangoni."

"Hata akifa?"

"Aibu haifi."

Mh! Nilitaka kumtemea mate. Mzee mzima, anaogopa midomo ya watu waliokwisha kuoza zamani! Mimba wanaleta wanaume, aibu anavishwa mwanamke, halafu anatupiwa wali kama paka.

"Mzee," nikamwambia, "wachawi nawajua. Wa kwetu angalau huanza na mtoto wa jirani."

Akaugeukia mlango. Alikuwa anasikiliza.

Ngo... ngo...

"Asipokula hapa, ataenda kwa mwenzake," akasema.

"Mwenzake yupi?"

"Yeyote aliyefungiwa mlango."

Kugonga kukakoma.

Nyani haoni kundule. Nilisimama na mdomo wangu mrefu, na simu mfukoni ikawa nzito ghafla. Nikafungua mlango. Hakuna mtu. Kwenye theluji kulikuwa na nyayo zangu tu, za kwenda pipani na kurudi. Lakini mfuko ulikuwa umepasuliwa. Bakuli halikuwemo.

Nikatafuta namba. Gift akapokea mara moja. Alikuwa anatafuna.

"Mama! Umepiga kweli?"

"Gift, uko na nani hapo?"

"Na huyu dada uliyemtuma, Mchina. Maskini, amelowa chapachapa, hata viatu hana. Kaniletea wali."

Nyuma ya sauti yake nilisikia maji yanadondoka sakafuni. To... to... to...

"Mwanangu, nisikilize. Mtoe nje. Funga mlango."

Akameza tonge. Halafu akasema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Nimtoe? Mama, nina miezi mitano hapa. Huyu ndiye wa kwanza kunigongea."

Simu ikakatika.

Mzee nilimwachia jirani yake, nikapanda basi la usiku. Nililia njia nzima, na niliogopa mpaka nilipomwona Gift mlangoni asubuhi, mzima, na tumbo lake mbele. Sakafu ilikuwa imelowa. Mezani kulikuwa na lile bakuli la Mzee Liang, lenye ufa ukingoni, limelambwa safi.

"Ametoka sasa hivi," alisema Gift. "Hamkupishana?"

Sikurudi Louisville. Mtoto alizaliwa Februari, wa kike. Kizito alipopata habari akapiga simu, nadhani kutaka kuchagua jina. Nikaiacha iite mpaka ikachoka.

Jina alichagua Gift mwenyewe. Amemwita Suling. Nami naapa, jina hilo sikuwahi kumtajia.

Sasa kila jioni napakua wali sahani mbili na lile bakuli. Lakini naliweka mezani, pamoja na zetu, kwa sababu sakafuni siwezi tena. Harufu ya mto ikianza kuingia, mtoto huacha kulia, akatazama mlango, akatabasamu.

Naogopa, sikatai. Lakini mlango siufungi.