Kiatu cha Siku ya Kwanza

Soli ya kiatu chake cha kulia ilibanduka mlangoni kabisa, asubuhi ya siku yake ya kwanza kazini, watu wamejaa ukumbini wakisubiri lifti. Alikuwa amevaa gauni la bluu aliloshonewa na mama yake, kola nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Na chini ya umaridadi wote huo, kiatu kimeachama.

"Usipige hatua, dada. Utakiacha hapo."

Aligeuka. Kijana mwenye shati la kijani, kamera shingoni, alikuwa tayari amepiga goti, anazungushia kiatu utepe mweusi wa gundi.

"Wewe unatembea na utepe mfukoni?"

"Mpiga picha asiye na utepe ni mtalii tu." Akainua kamera, akakipiga kiatu picha.

"Futa hiyo!"

"Nimefuta, Soli."

Jina likamganda. Naye akamwita Kamera. Walishuka ghorofa moja, wakaingia ofisi moja: ofisi ya uhusiano wa umma, wote wawili wamekuja kwa mafunzo kazini. Soli alijifunza kuandika taarifa kwa waandishi wa habari na kumjibu mteja anayetukana mtandaoni bila kumtukana. Kamera alikuwa ameshapita mafunzo kama hayo ofisi mbili, na zote zilimshukuru kwa cheti, zikamfungulia mlango wa kutokea.

Ofisi ilikuwa na sheria: hakuna chapisho linalotoka kabla mtu wa pili hajalisoma. Meneja alimwita mtu huyo jicho la pili. Akikubali, linatoka papo hapo. Akikataa, lazima aandike sababu, na meneja anaiona.

"Jicho la pili, mbona umenikatalia posti?"

"Haina picha. Bila picha haipiti."

"Niweke picha gani?"

"Yako, roho yangu."

Hivyo ndivyo walivyopendana, wakikataliana machapisho.

Kampuni ya viatu ilipotaka kampeni mpya, Soli ndiye aliyepata wazo: watu watume picha za viatu walivyovaa siku yao ya kwanza kazini na kusimulia yaliyowapata. Lakini asubuhi ya kulieleza mbele ya mteja, mama yake alianguka bafuni. Akiwa kwenye benchi la hospitali, Soli alimfundisha Kamera kwa simu, neno kwa neno, alieleze badala yake.

"Na mwisho useme wazo ni la nani."

"Ni lako, mpenzi, nani asiyejua? Mwangalie mama."

Jioni mama alikuwa ameshafungwa bandeji na ameanza kugombana na wauguzi. Soli akafungua simu kwa raha zake. Kwenye ukurasa wa ofisi, Kamera alikuwa anapeana mkono na mteja. "Kijana aliyebuni Viatu vya Siku ya Kwanza apewa mkataba wa kazi."

Akampigia.

"Ulisema wazo ni la nani?"

"Soli, walipiga makofi kabla sijamaliza. Halafu meneja akataja mkataba..."

"Ukajikausha."

"Nikajikausha."

"Basi endelea kukauka." Akakata.

Hakulia. Alinuia kumkomoa. Alirudi ofisini na gauni lile lile la bluu, akawa anamsalimia kila mtu isipokuwa yeye, na akangoja. Zamu za wenzake zilipokuwa zikipita aliandika matangazo ya kawaida. Ilipofika zamu ya Kamera kuwa jicho la pili, aliandika hivi kwa ajili ya ukurasa wa kampuni ya viatu:

"Aliyebuni kampeni hii ni msichana aliyebandukiwa na soli mlangoni. Mnayempongeza aliliiba wazo hilo wakati msichana yuko hospitali na mama yake. Ni mwizi."

Huo ulikuwa mtego. Kamera angekataa, angelazimika kuandika sababu, na meneja angeona kwa macho yake jinsi anavyouzika ukweli. Soli alibonyeza, akakunja mikono, akamkodolea macho juu ya kompyuta. Alimwona anasoma. Alimwona anafika mwisho na kurudi mwanzo.

"Haya, kataa," alisema moyoni. "Kataa nikuone."

Simu yake ikatetemeka. Chapisho limetoka. Neno "mwizi" lilikuwa pale pale, halijaguswa. Kilichoongezeka ni picha: kiatu, utepe mweusi, pindo la gauni la bluu. Kumbe hakuifuta.

Meneja alitoka chumbani kwake uso umemwiva. "Nani amepitisha upuuzi huu?"

"Mimi," Kamera alisema. "Na si upuuzi. Wazo ni la Soli. Nilinyamaza, nikapewa mkataba wake."

Mteja alipiga simu akamtaka mwenye kiatu, na mkataba ukahamia kwa Soli. Kamera akaambiwa akusanye vitu vyake.

"Hongera, Soli," alisema alipopita mezani kwake.

"Toka."

Kisasi kilikuwa kimetimia, naye alikusudia kukifaidi. Kamera alipopiga, hakupokea. Aliiacha simu iite huku akiitazama hadi inyamaze. Lakini jicho la pili jipya lilipitisha kila alichoandika, bila neno, bila utani, na raha ile ikaanza kuchuja.

Kisha akatakiwa kupeleka picha ya kitambulisho cha kazi. Akaingia studio ndogo nyuma ya jengo. Aliyekuwa akinyoosha pazia jeupe aligeuka: shati la kijani, limepauka mabegani.

"Nimekuja kupigwa picha," Soli alisema. "Sijaja kuombwa msamaha."

"Keti. Inua kidevu. Usinune, mlinzi atakurudisha."

"Nitanuna nitakavyo."

Kamera akapiga. Mwanga ukawamulika wote wawili.

"Nilikutegea," Soli alisema.

"Nilijua."

"Kwa hiyo ulikubali ili ujiokoe!"

"Ningetaka kujiokoa ningefuta neno mwizi. Mama anaendeleaje?"

"Usimtaje mama yangu." Akatengeneza kola. "Anatembea. Anakutukana kila asubuhi."

"Msalimie."

Soli aliinamia mkoba, akajifanya anatafuta kitu, asionekane anacheka.

"Soli, nataka kukuoa."

"Maneno ya mdomo yako yameshaniponza. Andika, nisome. Na bila picha haipiti."

Kesho yake adhuhuri ujumbe ukaingia. "Nilichukua kilicho chako, nikaogopa kukirudisha mpaka uliponishika. Nataka kukuoa." Chini yake, picha ya kiatu cha kiume, kizima kabisa, kimefungwa utepe mweusi, kimesimama kwenye sakafu ya ukumbi wa chini, miguu ya watu ikikipisha.

Kamera alikuwa hapo chini, sasa hivi! Soli alifika hadi kwenye lifti. Akarudi. Akaketi, akala chakula chake chote taratibu, akawajibu wateja waliokuwa wanalalamika mtandaoni, mmoja baada ya mwingine. Naye angoje, aonje.

Ndipo akapiga simu.

"Bado upo?"

"Nipo. Mlinzi ananiuliza kwa nini nimefunga kiatu kizima."

"Mimi nimeipitisha," Soli alisema, akiwa ameshabonyeza lifti. "Ila hii tumeiandika wawili, kwa hiyo jicho la pili ni mama. Na ujue, mama akikataa haandiki sababu. Anarusha ndala."

"Nitakuja na utepe," Kamera alisema.