Swift Nyeupe Njia ya Kasanga

"Ulezi umemwagika. Narudia, ulezi umemwagika."

Rozina aliacha chai mezani, akatoka mgahawani bila kuaga. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumamosi, na upepo wa Sumbawanga ulikuwa bado unakata masikio.

Maneno yale yalikuwa na maana moja. Siri ya ofisi imeibwa.

"Nani?" aliuliza kwenye redio ya Motorola, tayari yuko nyuma ya usukani.

Mkuu Saad alishusha sauti. Hakuwa mtu wa kushusha sauti.

"Mathias."

Rozina aliwasha gari. Mathias alikuwa mpelelezi mwenzake kwa miaka sita. Alikuwa pia mchumba wake.

"Kachukua nini?"

"Majina ya watu wetu wote wa ziwani. Kumi na wanne, mpaka nyumba wanazolala. Yako kwenye memori kadi. Wanunuzi wake ni wageni, wana boti Kasanga. Kadi ikivuka ziwa, watu hao hawafiki Jumatatu."

"Fransiska yumo?"

"Ndiye wa kwanza."

Fransiska alikuwa mjane, muuza dagaa wa Kasanga, jicho la ofisi bandarini kwa miaka minane. Mathias alimwita mama. Mama huyo ndiye aliyejitolea kuja kuwapikia siku ya harusi yao.

"Ana gari gani, Mkuu?"

"Swift nyeupe."

"Mimi nina Vitz."

"Najua. Nenda."

Alikanyaga mafuta.

Mwezi uliopita ofisi iliwapa wawili hao kazi ya kupima magari madogo mawili. Land Cruiser zao zilikuwa zimeshajulikana hata na mbuzi wa Namanyere. Lilitakiwa gari ambalo mtu akiliona hageuki mara ya pili. Zikaletwa Suzuki Swift Sport na Toyota Vitz RS.

Walizipima kwenye lami iliyonyooka, mbele kidogo ya mji. Mmoja akiendesha, mwingine akishika saa. Kutoka kusimama mpaka kilomita mia kwa saa, Swift ilitumia sekunde nane na nusu. Vitz, kumi na moja.

"Huku Ufipa tuko juu, hewa nyepesi," Mathias alimweleza huku akipiga boneti ya Swift kama anayepongeza farasi. "Injini ya kawaida inahema. Hii ina turbo, inajisukumia hewa yenyewe. Wewe na Vitz yako mtanikuta nimeshafika, nimeoga, nimekula."

Walicheka mpaka wakashikana. Siku ile Rozina aliamini atazeeka na mtu huyu.

Sasa alikuwa anamfukuza.

Aliupita mji wa Matai. Redio ikakoroma, Mkuu Saad tena. "Kifuatiliaji cha Swift kinaonyesha alisimama muda, nadhani ni ng'ombe barabarani. Yuko mbele yako kilomita mbili. Askari nimewatuma Kasanga, ila bado hawajafika."

Kisha akaiona. Nukta nyeupe kati ya mashamba ya mahindi.

Mia na thelathini. Mia na arobaini. Nukta ikawa gari. Mathias akamwona kwenye kioo.

Swift ikachanganya.

Ilikuwa kama imepigwa teke. Rozina alibana gia ya tatu hadi injini ikalia, akatia ya nne, lakini Vitz ilikuwa inahema. Gari jeupe likasogea, likasogea, likawa nukta tena.

Simu ikaita. Tecno, kwenye kishikio. Jina kwenye kioo lilikuwa bado lile lile. *Wangu*.

"Rozi, rudi."

"Simama, Mathias."

"Hunifikii. Tulipima wenyewe."

"Tulipima na mteremko," Rozina alisema.

Simu ikakatika.

Mteremko wa kwenda ziwani ulikuwa kipimo cha siku ya pili. Huko chini hewa inakuwa nzito na kasi ya kuondoka haina kazi. Kazi ni kona. Siku ile Mathias alishuka na Swift akilalia breki, na kwenye kona ya sita magurudumu yalinuka breki zilizoungua. Rozina alishuka na Vitz kwa gia ndogo, mguu mwepesi kwenye breki, akamtangulia kufika kwa sekunde kumi na moja.

"Gari halina kosa," alimwambia siku ile. "Ni mguu wako."

Kipimo hicho Mathias hakukiandika kwenye ripoti.

Sasa, kona ya kwanza. Gia ya tatu. Kona ya pili. Gia ya pili. Vitz ilinguruma na kushika barabara.

Kona ya nne akaziona taa nyekundu za Swift. Hazizimi.

Kona ya tano akasikia harufu.

Kona ya saba Swift haikukata. Ilipanda kingo, ikalima changarawe, ikazimika pua juu.

Rozina alishuka na Glock mkononi. Mathias alitoka akipepesuka, damu kwenye nyusi.

"Nipe kadi."

"Nimekutengenezea pasipoti na wewe," alisema. Sauti ilikuwa ile ile ya kumwamsha kwa chai. "Tungeondoka wote. Sikukuacha, Rozi."

"Na Fransiska?"

Mathias alitazama chini.

"Fransiska ameshakuwa mzee."

Kitu ndani ya Rozina kilikatika, kimya kimya.

Kutoka chini pikipiki ilikuja kwa kasi. Honda kubwa, dereva wa wale wanunuzi na kofia nyeusi. Alipunguza mwendo, akanyoosha mkono. Mathias akainua wake, kadi katikati ya vidole.

"Usirushe."

"Huwezi kunipiga," Mathias alisema, na kwa sekunde moja alitabasamu kweli.

Mkono wake ukaenda nyuma.

Risasi moja.

Kadi ilianguka kwenye changarawe. Mathias alipiga magoti, ameshika mkono wake. Pikipiki iligeuka na kukimbilia chini, walikokuwa wanaisubiri askari wa Mkuu Saad.

"Kadi ninayo," Rozina alisema redioni. "Mtu mmoja kajeruhiwa. Leteni daktari. Upesi, Mkuu."

Alivua kilemba, akaufunga mkono wa Mathias. Alikaza fundo mara mbili, damu isitoke.

"Ungeniua tu," Mathias alisema, analia.

Rozina alimfuta uso. Kisha akamfunga pingu.

Land Cruiser ya ofisi ilipoondoka na Mathias, alibaki amesimama barabarani. Chini, ziwa lilikuwa linang'aa. Alipiga simu Sumbawanga, kwa Yusto, katekista wa parokia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Kesho ni tangazo lenu la tatu la ndoa. Nimeshaliandika."

"Usilisome."

Rozina alisikia daftari likifunuliwa.

"Kuna kizuizi?"

"Kipo."

"Sheria inataka nimwandike mwenye kukileta. Ni nani?"

Rozina alilitazama ziwa.

"Mimi, mwalimu. Andika Rozina."

Alikata simu, akavaa miwani ya jua, akatembea taratibu kuelekea kwenye gari. Wageni wale bado walikuwa na boti Kasanga; Fransiska alipaswa kuhama nyumba kabla ya jioni, na bado zilikuwa kona kumi na mbili kufika Kasanga.