Mbishi na Kibao cha Kuchongea

Nyumbani walimwita Mbishi, na wala hawakumwonea. Ukimwambia mvua inakuja, anatoka nje kwanza kuhakikisha. Ukimwambia chai ni ya moto, anakuuliza ni ya moto kiasi gani. Mama yake alikuwa dobi na baba yake alikuwa fundi viatu. Uani kulijaa kamba za kuanikia nguo. Barazani ndipo baba alipofanyia kazi, amekaa kwenye kigoda, kiatu kifuani, kisu mkononi, misumari imebanwa midomoni. Ukimsalimia alikuitikia kwa nyusi.

Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ndefu. Wenzake walilala mpaka jua likawachoma kitandani. Mbishi aliamka na mama yake, akachota maji, akakamua mashuka, kisha akakimbilia barazani na kipande cha mpira wa soli. Alikuwa na jambo lake, na jambo lenyewe halikumpa usingizi.

Mwalimu wa sanaa alikuwa ameeleza kwamba darasa jipya la sanaa lina nafasi chache. Anayetaka kuingia achonge picha kwenye kipande cha mpira kwa mikono yake, aipake wino, kisha aipige chapa kwenye karatasi. Shule ikifunguliwa alete nakala kadhaa za picha hiyo moja, na zote zifanane. Moja ikiwa imefifia na nyingine imevujisha wino, basi, mwenye nazo atafute darasa lingine. Mbishi aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wote. Tangu akiwa mdogo alichora kwa mkaa ukutani, akapigwa, akachora tena.

Mlango wa tatu kutoka kwao aliishi mwanamke aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Chapa. Alikuwa akipiga chapa za ndege na maua kwenye mifuko ya kitambaa na vitambaa vya meza. Vidole vyake havikuishiwa wino hata siku ya mapumziko. Mwanzoni mwa likizo alimpa Mbishi patasi ndogo, kuukuu kidogo, na kopo la wino. Akamwambia aende kwake kwanza amwonyeshe namna ya kuishika. Mbishi alishukuru sana, na hakwenda.

"Nikaonyeshwe nini?" alimwambia mama yake. "Mimi mtoto wa fundi. Kisu nimekiona tangu sijaota meno."

Basi akafanya kama alivyomwona baba yake siku zote. Baba alipopunguza soli, aliiegemeza kifuani, akavuta kisu kuelekea kwake. Mbishi naye akauegemeza mpira kifuani. Mkono wa kushoto ukaushika kwa chini, wa kulia ukaigeuza patasi na kuivuta kuja kwake. Mpira ulikuwa mgumu, na patasi ilikuwa butu. Kila ilipogoma, Mbishi aliikandamiza zaidi. Alijiambia mpira umkome, hauwezi kumshinda yeye.

Asubuhi moja patasi ilichomoka kwenye mpira. Ikaenda moja kwa moja kwenye mkono wa kushoto, chini ya kidole gumba. Damu ikamwagika juu ya viatu vya wateja.

Baba alitema misumari, akamrukia. Akafanya lile alilozoea kujifanyia mwenyewe kila akijikata. Alifungua kopo la gundi ya viatu na kuipaka juu ya kidonda. Mbishi akapiga yowe lililomtoa mama uani na povu mpaka kwenye viwiko.

Mama Chapa alikuwa ndiyo kwanza anafika na vitambaa vyake vya kupigwa pasi. Alitazama mkono, akatazama kopo.

"Fundi, umempaka nini mtoto?"

"Gundi. Mimi hujipaka miaka yote, na mikono yangu hii hapa."

"Gundi ni ya kiatu. Kidonda kinataka maji safi."

Haukuwa wakati wa kubishana. Aliosha mikono yake kwa sabuni. Alichukua kitambaa safi katika vitambaa vyake, akakikandamiza juu ya kidonda na kuuinua mkono wa Mbishi juu. Hakukiondoa kila mara ili kuchungulia. Alikikandamiza tu mpaka damu ikapungua. Kisha wote wanne wakafuatana hadi zahanati, mama akiwa bado na povu.

Muuguzi alitumia muda mrefu kuiondoa ile gundi. Alikisafisha kidonda, akakishona, akamchoma Mbishi sindano ya kuzuia pepopunda. Aliwaeleza wazazi kwamba gundi, majivu, dawa ya meno na mafuta ya taa havipakwi kwenye kidonda kabisa. Vitu hivyo hufungia uchafu ndani, au huunguza nyama. Mtu akijikata, aoshe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, akandamize kwa kitambaa safi, auinue mkono. Jeraha likiwa la kina, au damu ikikataa kukoma, aende kituo cha afya upesi. Baba alisikiliza huku anatazama sakafu. Aliona haya, na ilimuuma kwamba alimzidishia mwanawe maumivu.

Walipofika nyumbani, mama aliichukua ile patasi. Akaifungia kwenye kabati la nguo za wateja na kuuvaa ufunguo shingoni.

"Mikono ni hiyo miwili," alisema. "Sijakuwekea ya akiba. Habari za kuchonga zimekwisha."

Mbishi alilia siku hiyo mpaka macho yakavimba. Kidonda kiliuma, lakini nafasi ya darasa ilimuuma zaidi. Alipokwisha kulia, alinawa uso. Mama alisema habari za kuchonga, hakusema habari za kutazama. Kesho yake akaenda kupiga hodi kwa Mama Chapa, mkono umefungwa bendeji, mdomo umenywea.

"Shikamoo. Nimekuja kuonyeshwa."

"Marahaba. Umekawia, lakini umefika. Kaa hapo."

Mama Chapa hakumsuta. Alimkalisha mbele ya meza yake na kumwambia atazame mikono, asitazame maua. Juu ya meza palikuwa na kibao kipana kiasi cha kitabu kikubwa. Ukingo wa karibu na Mama Chapa ulikuwa umepigiliwa kipande cha mti kwa chini. Ukingo wa mbali ulikuwa na kipande kingine kwa juu. Kile cha chini kilinasa ukingo wa meza, kibao kisisogee. Kile cha juu kiliuzuia mpira usikimbie unaposukumwa.

"Baba yako anavuta kisu," Mama Chapa alimweleza. "Patasi haivutwi, husukumwa. Husukumwa kwenda mbele, na mkono unaoshika mpira hukaa nyuma ya makali. Sasa niambie, patasi ikiteleza itakwenda wapi?"

Mbishi alifikiri. "Itakwenda mbele. Itagonga mti."

"Na mkono uko wapi?"

"Nyuma."

"Basi. Nusu ya kazi umekwisha kuijua."

Alirudi kila siku. Akaona kwamba Mama Chapa akitaka kuchonga mstari wa mviringo, haukunji mkono kuzunguka. Anauzungusha mpira, patasi inabaki ikielekea mbele. Akaona kwamba anachonga kidogo kidogo, hachimbi kisima. Akaona kwamba kila baada ya muda anainoa patasi. Hapo Mbishi akabisha, maana ubishi ulikuwa haujamtoka. Aliuliza kama patasi kali si ndiyo itakayokata zaidi.

Mama Chapa alimjibu kwamba yenye makali huingia kwenye mpira kwa kusukumwa taratibu, kwa hiyo unaitawala. Iliyo butu hugoma, nawe unaikandamiza kwa nguvu zote. Ikichomoka, inachomoka na nguvu zako zote hizo. Mbishi aliutazama mkono wake, na kwa mara ya kwanza akakubali bila kubisha.

Tatizo lilibaki kwa mama. Nyuzi zilikwisha kutolewa na kidonda kimefunga, lakini ufunguo ulikuwa palepale shingoni, na likizo ilikuwa inakatika. Mbishi alitafuta kitu laini cha kufanyia mazoezi. Alichukua mche wa sabuni ya kufulia, akauweka kwenye ubao wa kufulia, akaanza kuuchonga kwa mpini wa kijiko.

Mama alimkuta hapo.

"Sabuni yangu, Mbishi."

"Vipande vyote viko ndooni, mama. Hakuna kilichopotea. Tazama mkono."

Mama alikuja kutazama sabuni. Kwa vile mtoto aliendelea, akajikuta anatazama mkono. Wa kulia ulisukuma kwenda mbele. Wa kushoto ulikaa nyuma, umetulia. Mstari ulipopinda, sabuni ndiyo iliyozungushwa. Mara moja kijiko kiliteleza, kikagonga ukingo wa ubao na kukwama hapo. Mama alishtuka, akamshika mkono, akaukagua. Haukuwa na hata mkwaruzo.

Kisha akataka kujua nani kamfundisha, na kama huyo aliyemfundisha ana hicho kibao cha kuzuia. Alikwenda mwenyewe kwa Mama Chapa kukiona. Aliporudi, alivua ufunguo shingoni.

"Nitakuwa nakutazama," alisema. "Siku nikiona mkono huo uko mbele ya makali, nitaitupa chooni hiyo patasi."

Baba alikuwa amesikia yote kutoka barazani. Aliomba apewe patasi aione. Akaigusisha ukucha, akaguna, akaona aibu kwamba kitu butu namna ile kilichongewa pembeni yake asijue. Kunoa ilikuwa kazi yake. Alitoa jiwe lake la kunolea, akaisugua patasi taratibu, akamalizia kwa kuipitisha kwenye kipande cha ngozi mpaka ikang'aa. Kisha akapigilia vipande viwili vya mti kwenye kipande cha ubao, kimoja juu na kimoja chini, kama alivyoelezwa.

"Kwa kunoa, Mama Chapa hanifikii," alisema, na hapo alisema kweli.

Mbishi alichora picha ambayo hakumwonyesha mtu. Akaichonga siku nyingi, kidogo kidogo, mama akipita nyuma yake na beseni kila baada ya muda. Mkono ukichoka, aliacha. Mtu aliyechoka hukosea, Mama Chapa alimwambia, na Mbishi hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Kupiga chapa nako kulimsumbua. Nakala ya kwanza ilitoka nyeusi tii, maana alipaka wino kama mtu anayepaka siagi. Wino uliingia kwenye mistari yote aliyoihangaikia. Nyingine ilitoka na picha mbili, kwa kuwa karatasi ilisogea. Nyingine ilikwenda kuangukia shuka jeupe la mteja, na siku hiyo tusiizungumze.

Alitaka kulia tena, lakini akaona machozi yatamharibia karatasi. Akarudi kwa Mama Chapa na zile zilizoharibika. Walizipanga mezani na kutafuta kosa la kila moja. Wino utandazwe kwanza kwa rola kwenye kioo mpaka uwe mwembamba, ndipo upakwe kwenye mpira. Mpira uwekewe alama za kona, na pembe za karatasi ziwekwe kwenye alama hizo kila mara, zisikisiwe kwa macho. Kisha karatasi isuguliwe kwa mgongo wa mwiko, kuanzia katikati kwenda pembeni, bila kuruka mahali.

Hivyo mwiko wa mama ukapotea jikoni. Mama aliutafuta, akaukuta barazani, akakaa na kuomba afundishwe kusugua. Mkono wa dobi unajua kukandamiza sawasawa. Wakafanya kazi wawili, Mbishi akipaka wino na kuweka karatasi, mama akifunzwa kusugua kwenye zile za majaribio. Za kupeleka shule Mbishi alizisugua mwenyewe, maana mwalimu alitaka mikono yake. Mama alizianika kwenye kamba kwa vibanio, mbali kabisa na mashuka.

Baba alitoka ndani akakuta uani kumejaa mikono. Kila karatasi ilikuwa na mikono miwili imeshika kiatu, mikono mipana ya fundi. Kwenye kidole gumba na kwenye kiganja kulikuwa na mistari myeupe, mingine mirefu, mingine mifupi.

"Mikono ya nani hiyo?" aliuliza, ingawa aliiona.

"Yako, baba."

"Na hii mistari?"

"Ni makovu yako. Nimeyahesabu ukiwa unafanya kazi. Yote nimeyachonga."

Baba alinyoosha mikono yake akaitazama, kisha akaitazama ya kwenye kamba. Alijisikia vibaya na alijisikia fahari, vyote kwa pamoja. Alisema picha ni nzuri, akaingia ndani.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wa sanaa alizipanga nakala za Mbishi juu ya meza. Alizipandanisha mbili mbili na kuzimulika dirishani. Kona zilikutana, mistari ilikutana. Aliomba kuuona mkono wa kushoto, akauliza kovu limetoka wapi. Mbishi alimsimulia yote, na gundi pia. Mwalimu aliandika jina lake kwenye orodha ya darasa la sanaa, akamwomba nakala moja ya kubandika juu ya meza ya patasi.

Mbishi alirudi nyumbani mbio. Alitaka kuanza kumpa baba yake habari, lakini alipofika barazani alisimama kwanza. Kigoda kilikuwa kimesogezwa pembeni. Mbele ya baba palikuwa na meza fupi, na kwenye ukingo wake kimenaswa kibao kipya chenye vipande viwili vya mti. Baba alikuwa ameilaza soli juu yake. Alikuwa akisukuma kisu kwenda mbele, taratibu, kama mtu anayejifunza kuandika, na mkono wa kushoto uko nyuma.

Alimwona Mbishi. Akatema misumari kiganjani ili aweze kusema.

"Umeipata?"

"Nimeipata, baba."

"Vizuri," baba alisema, akamwekea nafasi kando yake. "Sasa kaa hapa. Utazame mkono wangu, ukiona umekuja mbele, unikumbushe."