Mlango Uliokuwa Mdomoni mwa Malkia

Siku ile Malkia aliamka salama, akanywa chai yake, akapiga pasi gauni lake la kijivu, na akaanza kudharau watu mapema, kabla hata hajavaa viatu.

Jina la Malkia mtaa mzima ulimpa kwa haki. Ujana wake wote alicheza malkia jukwaani: malkia mwenye wivu, malkia aliyepinduliwa, malkia anayekufa kwa sumu huku hotuba haiishi. Kisha umri ukapiga hodi, na malkia wakaanza kuchezwa na wasichana wasiojua hata kukaa kitini. Yeye akabaki na sauti. Ukimsikia anaagiza nyanya sokoni, utadhani kuna nchi inatwaliwa.

Mchana ule alikuwa anakwenda kumsaidia mwanawe. Hakumzaa, alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyeachiwa angali ananyonya. Alimlea, akamsomesha, akawa mwalimu wa hesabu. Mwalimu naye, badala ya kutosheka na hesabu zake, akaandika tamthilia. Tena ya mnyonya damu.

"Mnyonya damu," Malkia alisema siku alipoletewa mswada, akiushika kwa ncha za vidole kama samaki wa juzi. "Watu hawajamaliza kunyonywa na wakubwa wao, wewe unawaletea mwingine?"

"Soma kwanza, mama mkubwa."

Alisoma. Familia moja inapata mgeni jioni, inamkaribisha, na nyumba nzima inakwisha mmoja mmoja. Mgeni mwenyewe hasemi neno. Anaingia, anakaa, anainama, anahama kiti. Mwanamke wa umri wa Malkia alikuwamo mmoja tu, naye alikuwa maiti tangu pazia linafunguliwa.

"Huyu mgeni wako hata salamu hana?"

"Wenye maneno ni wenye nyumba. Yeye hana haja nayo."

"Na mimi nicheze maiti?"

"Wewe utasoma maelekezo."

Maana halikuwa onyesho, ulikuwa usomaji. Idara ya utamaduni haitoi kibali cha onyesho mpaka mkubwa wake asikilize kwanza kwa masikio yake mwenyewe, ambayo ni viungo vyenye shughuli nyingi. Katika usomaji hakuna mavazi wala mapambo. Waigizaji wanakaa na karatasi mkononi, wanasema maneno yao, na mtu mmoja anasimama pembeni kusoma yale ambayo jukwaani yangetendwa: fulani anainuka, fulani analia, mlango unafunguka. Asiposoma, halijatendeka.

Wakiwa njiani, mwavuli mmoja watu wawili, mwalimu alimwomba jambo.

"Maelekezo ya mlango usiruke hata moja, mama mkubwa. Ukifunguka, lazima ufungwe."

"Watu si wajinga. Kila mlango ukifunguliwa hufungwa."

"Jukwaani mlango upo, watu wanauona. Leo mlango uko mdomoni mwako tu."

"Mdomoni mwangu mna meno na ulimi," alisema Malkia. "Seremala hajaitwa."

Ukumbi ulikuwa wa zamani, una harufu ya rangi na viatu vilivyolowa. Nyuma ya jukwaa lilining'inia pazia jeusi, na nyuma ya pazia ulikuwa ukuta mtupu. Viti vya plastiki vilijaa watu wa kawaida. Safu ya mbele ilikuwa na viti vya mito, kwa kuwa makalio ya wakubwa hayalingani na ya wengine.

Mgeni rasmi, yaani mkuu wa idara, alifika amechelewa kwa kiasi kinachostahili cheo chake. Alikaa mwanzo wa safu, karibu na mlango, kwa sababu alikuwa na kikao kingine. Kando yake alikaa msaidizi wake, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba chupa ya maji na kucheka mara tu mkubwa anapomaliza kucheka. Akafuata mshereheshaji na kipaza sauti chake. Kisha kiti kimoja kitupu. Kisha mwalimu, anatafuna kalamu.

Mshereheshaji aliutambua uwepo wa kila mtu ukumbini, akautambua na uwepo wa waliotuma udhuru. Mgeni rasmi akasimama kusema machache, yakawa mengi.

"Napenda kuwahakikishia," alisema, "kwamba katika eneo langu hakuna wanyonya damu. Kama wapo, basi hawajasajiliwa."

Alicheka. Msaidizi akacheka.

"Hata hivyo igizo lina nafasi ya kuelimisha. Mwandishi aone uwezekano wa huyo mhusika kuhamasisha watu kuchangia damu kwa hiari. Na tuwe wafupi."

Malkia, kwenye kinara chake cha kuwekea karatasi pembeni mwa jukwaa, alimtazama kama mtu anayetazama alama ya maji kwenye dari. Walioketi kusoma walikuwa wawili tu: fundi cherehani, aliyesoma mwenye nyumba, na muuguzi wa zahanati, aliyesoma wanawake wote wenye uhai.

"Jioni," Malkia alianza, na ukumbi ukanyamaza wenyewe. "Nyumba. Mlango unabishwa. Mwenye nyumba anainuka. Mlango unafunguka. Mgeni anaingia."

Mstari uliofuata ulisema: *Mlango unafungwa.*

Mgeni rasmi alikuwa anatazama saa yake. Malkia akaona haya kwa niaba ya mwanawe. Mlango unafungwa! Kuna mtu aliyepata kulia machozi kwa sababu mlango umefungwa? Akauruka. Kwenye kona ya jicho alimwona mwalimu akiinua kichwa, kalamu mdomoni.

Ukurasa wa pili mlango ulifunguka tena. Akauruka ufungaji. Wa tatu, vilevile. Kazi ikaenda mbio, na kwa kweli ilipendeza zaidi. Hawa waandishi chipukizi, aliwaza, ukiwapunguzia nusu ya maneno ndipo wanaanza kuwa na kipaji.

Ubaridi ulimgusa vifundoni. Ulikuwa upepo, mwembamba, wenye harufu ya mahali palipofungwa siku nyingi. Alidhani ni mvua inaingia. Alipogeuka kidogo, aliona pindo la pazia jeusi likicheza. Upepo ulikuwa unatoka upande wa ukuta.

Akaendelea.

"Mgeni anakaa. Mgeni anainama."

Katika ukumbi mzima, Malkia pekee ndiye aliyetazamana na watu. Wasomaji walitazama karatasi, na watazamaji waliwatazama wasomaji. Kwa hiyo ni yeye peke yake aliyeona kichwa cha mgeni rasmi kikianguka begani.

Amelala, alisema moyoni, na akafurahi furaha mbaya. Kila aliyepata kukaa kiti kile hulala. Tofauti ni dakika tu.

Fundi cherehani alisema maneno yake, muuguzi akajibu yake. Zamu ikarudi kwake.

"Mgeni anahama kiti. Mgeni anainama."

Msaidizi naye kichwa kikaanguka. Bila shaka. Bosi akilala, yeye atabaki macho kwa mamlaka ya nani?

"Mgeni anahama kiti. Mgeni anainama."

Mshereheshaji akafuata. Sasa hapo Malkia alitaka kucheka. Aliona tamthilia ya mwanawe ikizima safu ya mbele kama mishumaa, na akatunga kichwani jinsi atakavyomwambia jioni: mwanangu, rudi kwenye hesabu, hesabu hulaza watoto tu.

Kisha akatazama tena.

Watu waliolala kitini huanguka kila mmoja kwa namna yake. Mmoja nyuma, mmoja mbele, mmoja mdomo wazi. Hawa watatu vichwa vyao vililalia bega la kushoto. Vyote. Kwa kipimo kimoja, kana kwamba vimelazwa na mkono wenye subira. Shingo zao upande wa kulia zilikuwa wazi, kola zimefunuliwa vizuri.

Na msaidizi alikuwa amefumbua macho. Alikuwa anamtazama Malkia, na machozi yanamtoka, na hakuna kingine usoni mwake kilichoweza kusogea.

Kipaza sauti kilikuwa mapajani mwa mshereheshaji. Hakuna aliyekizima. Kutoka kwenye spika mbili za ukutani ukaja mlio mdogo, wa majimaji.

Mlio wa kumeza.

Fundi cherehani aliinua macho kuitazama spika. "Waya huo," alinong'ona, akarudi kwenye karatasi yake.

Mstari wa Malkia ulisubiri. *Mgeni anahama kiti.* Hakuusoma. Alifunga mdomo kabisa. Alikumbuka jinsi alivyofundishwa akiwa binti: usiposoma, halijatendeka.

Mto wa kile kiti kitupu ukabonyea.

Taratibu. Kwanza katikati, kisha pande zote, kama unavyobonyea mtu mzito anapojiweka sawa. Aliyeingia kwa mlango uliosomwa alihitaji kusomewa. Lakini mlango ulikuwa umeachwa wazi mara tatu, na aliyezoea nyumba hangoji tena kukaribishwa.

Kando ya kiti kile alikaa mwalimu. Alikuwa anamtazama mama yake mkubwa. Anatabasamu. Alidhani kimya kile ni ufundi.

"Malkia," muuguzi alinong'ona. "Mstari wako."

Malkia alisema jambo la kwanza lililomjia.

"Mlango unafungwa."

Nyuma yake, kwenye ukuta usio na mlango, kitu kizito kikajifunga. Upepo ukakatika. Pazia likatulia.

Na papo hapo akajua alichofanya. Amejifungia nacho ndani.

Kichwa cha mwalimu kikaanza kuinama. Kushoto. Kidogo kidogo. Tabasamu lilikuwa bado mdomoni, ila macho yalikuwa yameanza kuuliza.

Malkia alifunua ukurasa wa mwisho. Mikono ile iliyoshika mafimbo ya kifalme bila kutetemeka sasa ilipapasa karatasi kama ya kipofu. Mistari ilikuwa miwili.

*Mlango unafunguka. Mgeni anatoka.*

*Mtoto wa nyumba anafuatana naye.*

"Mlango," alisema. "Mlango unafunguka. Mgeni anatoka."

Upepo ukarudi vifundoni. Alingoja. Mto haukuinuka.

Akarudia, kwa sauti ya malkia anayefukuza wajumbe. "Mgeni anatoka."

Mto haukuinuka. Kola ya mwalimu ikajikunja yenyewe, upande wa kulia, polepole, kwa adabu.

"Bado mstari mmoja," alinong'ona fundi cherehani, akionyesha kwa kidole. "Wa mwisho."

Haikuwa na maana kubishana. Mwanawe ndiye aliyeandika: mgeni huyu haondoki peke yake. Na mtoto wa nyumba mle ukumbini alikuwa mmoja tu, wake. Malkia aliinua macho, akaipitia safu ya mbele kiti kwa kiti. Msaidizi aliyekuwa analia. Mshereheshaji. Akafika mwanzo wa safu, karibu na mlango. Hakuchagua kwa hasira. Alichagua kama mtu anayetoa kiti kibovu nje ya nyumba.

"Mgeni rasmi," alisema, kila herufi mahali pake, "anafuatana naye."

Mto ukainuka.

Mgeni rasmi akasimama. Kichwa kilikuwa bado begani. Hakuuendea mlango wa ukumbi uliokuwa hatua chache kando yake. Alipanda jukwaani, akapita kati ya fundi na muuguzi, akapita mbele ya kinara. Alitembea kama mtu aliyeshikwa kiwiko. Alipompita Malkia, midomo yake ilisema kitu, pumzi tupu.

"Nina kikao."

Akaingia nyuma ya pazia jeusi.

"Mlango unafungwa," alisema Malkia. Akasema mara ya pili. Na ya tatu.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu walisimama. Mkubwa wa idara kuigiza na wananchi! Wengine walipiga vigelegele. Makofi yalipoisha, fundi cherehani alifunua pazia ampe mkono. Alikuta ukuta, na rangi ya ukuta, basi.

Muuguzi aliwashika mapigo msaidizi na mshereheshaji, akakunja uso, akaagiza chai yenye sukari nyingi na gari. Hawakukumbuka kitu. Mshereheshaji, midomo myeupe, alisisitiza kwanza amshukuru mgeni rasmi kwa kushiriki kikamilifu.

Idarani, ukimwulizia mkubwa, wanakwambia yuko nje ya kituo. Walisema hivyo wiki ile, na wanasema hivyo hadi leo. Kuna kaimu, na kaimu naye ana anayemkaimu, na hakuna aliyeona pengo. Kazi inakwenda kama ilivyokuwa inakwenda. Kibali kilitoka.

"Ulibadilisha mwisho wangu, mama mkubwa," mwalimu alimwambia walipokuwa wanakula, siku chache baadaye.

"Ulikuwa mbaya."

"Ndiyo. Lakini ndio uliokuwa mwisho."

Alisema kwa upole, akimtazama kwa kichwa kilichoinama kidogo. Malkia hakuuliza ni upande gani. Alitazama sahani yake.

Kesho yake, mwalimu akiwa shuleni, Malkia alichukua koti ambalo mwanawe alilivaa siku ya usomaji ili alipige brashi. Begani, upande wa kulia, palikuwa na alama za vumbi la kijivu: vidole vinne na kidole gumba, virefu, vimetulia pale kama mtu anavyomshika mwenzake bega anapotaka kukaa. Alipiga brashi. Hazikutoka. Alitia maji, akasugua kwa sabuni. Hazikutoka. Akalipeleka dirishani kwenye jua, aone vizuri ni doa la namna gani.

Hapo ndipo alipoona kwamba alikuwa anasugua upande usio wenyewe. Vumbi lilikuwa linaonekana tu kupitia kitambaa. Alama za ule mkono zilikuwa ndani ya koti, kwenye bitana, na vidole vilielekea nje, kama vya aliyebaki ndani.