Kadi ya Mama Furu

Mbizi-picha, mashine yenye ukubwa wa kikombe, ilishuka kati ya miamba ya ziwa, ikamsogelea furu jike, samaki mdogo wa miambani, ikampiga picha. Punde si punde picha ile ilikuwa ikiogelea ndani ya kadi hai za pongezi katika wodi zote za wazazi mjini Mwanza: mama samaki, na vifaranga arobaini wamemzunguka kama vumbi la dhahabu.

Hapakuwa na kadi iliyopendwa kuliko hiyo. Nyamizi, mhandisi aliyeifundisha mashine, alitaka kumpelekea dada yake Ngollo, aliyejifungua alfajiri baada ya mimba tatu kuharibika. Ili achague picha nzuri zaidi, akafungua video yenyewe.

Furu huficha watoto wake mdomoni. Huyu alikuwa amefumba mdomo kabisa. Mashine ikammulika jichoni mara moja, mara mbili. Mara ya tatu akawatema. Picha ikapigwa hapo. Kisha sangara wakaja, wakawameza.

Nyamizi alifungua video nyingine ishirini. Zote zilikuwa hivyo.

"Nani kaifundisha hivi?" alimuuliza Rwegasira, mkuu wa kitengo.

"Si wewe, mama? Uliiambia itafute picha inayopendwa. Imeipata." Rwegasira alicheka. "Furu hao! Bibi yangu alikuwa akiwakaanga."

"Bibi yako alikuwa na njaa. Sisi je?"

"Ukiizima utaandika maelezo wewe, si mimi."

"Nitaandika."

Akaizima.

Jioni alimkuta Ngollo ameketi kitandani, mtoto kifuani.

"Haya, kadi yangu! Wenzangu wote humu wana vifaranga vyao, mimi mwenye mdogo wangu fundi ndiye nakosa?"

Nyamizi akampa. Ndani yake furu mmoja alielea peke yake, mashavu yamemvimba.

"Mbona huyu kanuna?" Ngollo aliuliza. "Watoto wake wako wapi?"

"Mdomoni, dada. Bado kawaficha."

Ngollo aliitazama kadi kwa muda mrefu. Kisha akavuta khanga, akamfunika mwanawe hadi utosini.

"Afanye hivyo hivyo," alisema taratibu. "Asimfungulie mtu."

Nyamizi aliitikia kwa kichwa. Hakumwambia kwamba picha ile ilitoka kwenye video ile ile, sekunde moja kabla ya taa.